Mpangaji mnunuzi, kununua kwa awamu au kupanga huku unadunduliza: ipi inakufaa kama akiba ni ndogo na benki haikujui

Niliwahi kuwa mpangaji mnunuzi, yaani unapanga nyumba huku unalipa ziada ili baadaye uinunue, kwa miezi 22. Mwezi wa 23 kazi ikakata, mwezi wa 24 sikuwa na hela ya kodi, mwezi wa 25 nikawa natoa vitu nje. Ile ziada yote niliyokuwa nalipa juu ya kodi ya kawaida, pamoja na kishika uchumba nilichotoa siku ya kwanza, vikabaki kwa mwenye nyumba, na sikuwa na pa kwenda kulalamika maana mkataba ulisema hivohivo na sahihi ilikuwa yangu. Naanza na hili ili ujue naandika nikitokea wapi. Lakini pia jirani yangu wa zamani aliingia kwenye mpango wa aina hiyohiyo, akamaliza, na leo hati ina jina lake. Kwa hiyo sikwambii kimbia wala sikwambii ingia, nataka tuzipange hizi njia mezani tuzilinganishe, alafu uangalie ipi inaendana na maisha yako.

Kilichonifanya niandike ni dada yangu. Ni fundi cherehani, amejiajiri, hela inaingia ila haina tarehe, akiba yake ndogo, na kwenye mambo ya mikopo hana rekodi mbaya, hana rekodi kabisa, hajawahi kukopa popote. Kapata nyumba nzuri, mwenye nyumba kamwambia ingia kama mpangaji, ndani ya miaka 3 unainunua. Akaja kwangu na mkataba wa kurasa 11, akauweka mezani akaniuliza, "Mdogo wangu, nisaini?" Tulikaa mpaka usiku sana.

Kitu nilichomwambia kabla hatujafungua hata ukurasa wa kwanza ni hiki. Watu wengi wanalinganisha hizi njia kwa siku ya kuingia, wapi wanataka kianzio (hela ya kutanguliza) kidogo, wapi hawana maswali mengi, wapi unapewa funguo haraka. We linganisha kwa siku utakayokwama. Umeugua, au kazi imekata, au mteja mkubwa kakukimbia na hela yako, siku hiyo kwenye kila njia unabaki na nini mkononi? Ukiliuliza hilo swali, njia ambazo zilikuwa zinafanana zinaanza kuachana mbali kabisa.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni mpangaji mnunuzi wa hiari. Unatoa ada mwanzoni, mara nyingi asilimia 1 mpaka 5 ya bei ya nyumba, wengine wanafika 7, na hiyo ada inakupa haki ya kuinunua nyumba hiyo ndani ya muda fulani, miaka 1 mpaka 3 ndo kawaida, kwa bei mliyokubaliana. Unakaa humo unalipa kodi iliyo juu kidogo ya kodi ya soko, na ile ziada inaandikwa pembeni kama sehemu ya kianzio chako. Muda ukifika ukitaka unanunua, usipotaka unaondoka, ila ada na ziada kwa kawaida hazirudi.

Ya pili inafanana nayo sura mpaka watu wanazichanganya: mpangaji mnunuzi wa lazima. Kila kitu ni kilekile ila mkataba unasema *utanunua*, sio *unaweza kununua*. Neno moja tu. Sasa miaka 3 ikifika na benki ikakunyima mkopo, hupotezi ada na ziada peke yake, mwenye nyumba anaweza pia kukupeleka mahakamani kwa kuvunja mkataba. Kwa mtu ambaye bado hana uhakika kama benki itamkubali mi sioni sababu hata moja ya kusaini hii, na hapa sitazunguka zaidi. Tafuta hilo neno kwenye mkataba wako kabla ya kusoma kingine chochote.

Ya tatu ni kununua kwa awamu moja kwa moja kwa mwenye nyumba, benki haipo kabisa. Mnakubaliana bei na riba, unatoa kianzio, unalipa kila mwezi kwa miaka kadhaa, na hati inabaki kwake mpaka ulipe shilingi ya mwisho. Unaitwa mnunuzi, unalipia kodi ya jengo na matengenezo kama mwenye mali, ila kwenye rejista ya ardhi jina sio lako.

Ya nne ni kupanga nyumba ya kawaida, unadunduliza, unajenga rekodi ya mikopo, alafu unaenda kuomba mkopo wa nyumba wenye kianzio kidogo. Haina mvuto, haina mtu wa kukupigia simu kukushawishi, maana hakuna anayepata kamisheni.

Kuna na ya tano ambayo haipo kila mahali, kununua kipande cha nyumba. England wana mpango ambao unaweza kununua kuanzia asilimia 10 mpaka 75 ya nyumba na kulipa kodi kwa sehemu iliyobaki, alafu unaongeza kipande kidogokidogo hela ikipatikana. Nzuri kwa wazo, ila kile kipande chenyewe wengi wanakinunua kwa mkopo wa benki, kwa hiyo kama tatizo lako ni benki kutokukujua, tatizo liko palepale. Naiacha hapo, ila kama unapokaa ipo, iulizie.

Hesabu, taratibu

Chukua nyumba ya 50,000,000, pesa yoyote unayotumia wewe. Kodi ya soko kwa nyumba kama hiyo tuseme 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anakwambia ada ya kuanzia asilimia 3, yaani 1,500,000, na kodi 350,000, ambapo 100,000 inaenda kwenye kianzio chako. Miezi 36.

Ukimaliza miaka 3 bila kukosa hata mwezi, ziada imefika 3,600,000, jumlisha ada unapata 5,100,000. Hiyo ni kama asilimia 10 ya bei. Zilizobaki 44,900,000 lazima zitoke mahali, na mahali penyewe ni benki, hapa wengi wanashtuka, maana walidhani wakishakaa miaka 3 nyumba inakuwa imeshanunuliwa nusu. Haijanunuliwa hata robo, ulichokuwa unajenga miaka yote hiyo ni kianzio tu.

Sasa chukua njia ya nne kwa hela ileile. Unapanga nyumba ya 250,000, ile 100,000 unaiweka mwenyewe, na ile 1,500,000 ya mwanzo unaiweka kwenye akaunti. Baada ya miezi 36 una 5,100,000 ileile na riba kidogo ya benki juu. Kianzio ni sawasawa kabisa! Tofauti ni nani kaishika hiyo hela miaka yote 3. Huku iko kwa mwenye nyumba kwa masharti yake, huku iko kwako, ukiugua unaitumia, ukibadilisha mji unaondoka nayo, ukiona nyumba nyingine nzuri zaidi unainunua hiyo.

Basi mpangaji mnunuzi wa hiari anapata nini cha ziada? Anapata bei iliyofungwa. Na hii sio kitu kidogo, sitaki mtu aidharau. Bei za nyumba zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ile ya 50,000,000 baada ya miaka 3 inakaribia 57,900,000, na wewe mkataba wako unasema 50,000,000. Umepata karibu 7,900,000, nyingi kuliko kianzio chako chote. Yule anayedunduliza nyumba imemkimbia na kianzio chake cha 5,100,000 sasa hakifiki hata asilimia 9 ya bei mpya. Jirani yangu niliyemtaja ndo alivyofaidika, bei ilipanda sana wakati yeye yake imelala kwenye karatasi.

Ila mwenye nyumba na yeye anajua hesabu. Mara nyingi bei inayofungwa sio ya leo, ni ya leo na nyongeza. Mkataba wa dada uliandika 54,000,000 kwa nyumba ambayo mthamini tuliyemlipa alisema ni 50,000,000. Kwa hiyo bei ikipanda ile asilimia 5 kwa mwaka faida yake inashuka mpaka kama 3,900,000. Na ili aipate anaweka hatarini 5,100,000 ambazo akikwama hazirudi. Ukiona unahatarisha 5,100,000 ili upate 3,900,000, lazima uwe na uhakika zaidi ya nusu kwa nusu kwamba utafika mwisho, na hapo tumedhani bei itapanda. Isipopanda, au ikashuka, unakuta umefungwa na 54,000,000 kwenye nyumba ya 48,000,000, na benki haikukopeshi kwa bei ya mkataba wako, inakukopesha kwa thamani ya nyumba, ile iliyo ndogo kati ya mbili. Lile pengo unalijaza wewe mfukoni.

Kuna na mikataba mingine haifungi bei kabisa, inasema bei itakuwa "ya soko siku ya kununua". Hiyo ni kupanga kwa bei ya juu tu, umelipa ada ya kitu ambacho hukupewa.

Siku ya kukwama

Tuzipitishe zote kwenye mlango huu.

Mpangaji anayedunduliza akikwama: anakula akiba yake miezi kadhaa, inamuuma, lakini ndo kazi ya akiba. Ikiisha anahamia nyumba ndogo. Ndoto imesogea mbele mwaka au miwili.

Mpangaji mnunuzi wa hiari akikwama: kisheria bado ni mpangaji, kwa hiyo kutolewa ni haraka kama mpangaji mwingine yeyote, na hela yote ya ziada imeenda. Hii ndo ilinipata mimi. Nilikuwa nimepaka rangi vyumba vyote, nimebadilisha bomba la jikoni, nimeng'oa sakafu ya sebuleni nikaweka mpya, maana akilini mwangu ilikuwa yangu. Mwenye nyumba alipoingia kukagua siku natoka alisimama pale sebuleni akaangalia chini akasema sakafu nzuri. Mpaka leo nikiingia nyumba yenye sakafu ya rangi ile nakumbuka.

Anayenunua kwa awamu akikwama: hapa inategemea sana sheria za mahali, sehemu nyingine zinamlinda mnunuzi akishalipa kiasi fulani, sehemu nyingine mkataba unakatwa na miaka yako yote inageuka kuwa kodi. Historia ya Chicago miaka ya 1950 na 1960 inabidi kila anayefikiria njia hii aijue. Familia za watu weusi zilikuwa zinanyimwa mikopo ya kawaida ya nyumba, hata FHA, shirika la serikali ya Marekani la kukatia mikopo bima lililoanzishwa 1934, lilikuwa linakwepa mitaa yao, kwa hiyo wakawa wananunua kwa mikataba ya awamu kwa walanguzi, bei za juu sana, hati inabaki kwa muuzaji, ukikosa malipo unaweza kutolewa na kila ulicholipa kimeenda, alafu nyumba ileile inauzwa kwa familia inayofuata. Mwaka 1968 wanunuzi wa Lawndale, mtaa mmoja wa Chicago, wakaungana wakaunda Contract Buyers League, yaani umoja wa wanunuzi wa mikataba, wakagoma kupeleka malipo mpaka mikataba izungumzwe upya, na baadhi yao walifanikiwa kupunguziwa. Walikuwa watu wenye kazi, wanaolipa, wenye familia. Kilichowaumiza ni mkataba wenyewe na kukosa njia nyingine, na mtu asiye na akiba wala rekodi leo yuko kwenye hali inayofanana na hiyo, anashukuru kupewa nafasi mpaka anasahau kusoma.

Na aliyechukua mkopo wa benki akikwama? Na yeye anaweza kunyang'anywa, tusidanganyane. Ila nyumba iko kwa jina lake, benki kwa kawaida inapitia taratibu za kisheria, inampa notisi, na ikiuza kwa zaidi ya deni salio linalobaki baada ya gharama ni lake. Anaweza pia kuwahi kuuza mwenyewe. Ana kitu cha kuuza, ndo tofauti.

Vitu ambavyo havipo kwenye tangazo

Tarehe. Hii nusura nisiione. Mkataba wa dada kifungu cha 9 kilisema kodi ilipwe tarehe 1, ikichelewa zaidi ya siku 5 ile 100,000 ya mwezi huo haihesabiwi, na ukichelewa mara 3 ndani ya mwaka haki ya kununua inakufa. Nikamuuliza, dada, wateja wako wakubwa wanakulipa lini? Akasema kuanzia tarehe 6 mpaka 8. Kila mwezi. Yaani mkataba ulivyokaa, angeweza kuwa mlipaji mzuri kabisa asiyewahi kukosa mwezi hata mmoja, na bado haki yake ikafa mwezi wa tatu tu. Kwa kupanga kawaida kuchelewa siku 7 ni aibu na labda faini ndogo, huku ni nyumba nzima.

Matengenezo. Kwenye kupanga kawaida bomba likipasuka unampigia mwenye nyumba. Kwenye mpangaji mnunuzi mikataba mingi inakurushia wewe, na kwenye awamu ni yako moja kwa moja. Tulienda kuiona ile nyumba, safi, inanukia rangi mpya. Bafuni nikaangalia juu, dari jeupe kuliko chumba kingine chochote. Nikapanda kwenye ndoo nikabonyeza kwa kidole, pakabonyea kama mkate uliolowa, na pembeni ya rangi mpya kuna mstari wa njano mwembamba unaanza kurudi. Maji yanatoka juu, kapaka rangi kufunika. Angesaini, lile paa lingekuwa lake kulitengeneza, kwenye nyumba ambayo sio yake. Mlipe mkaguzi wa majengo kabla ya kusaini mkataba wowote kati ya hii mitatu ya mwanzo, uichukulie kama unanunua leo.

Deni la mwenye nyumba. Kwenye njia ya kwanza mpaka ya tatu unamtegemea mtu mmoja. Kama nyumba yake ina mkopo na yeye ndo akakwama, benki inakuja kuchukua nyumba na wewe ndani, na kodi zako ulizolipa kwa wakati hazikusaidii kitu. Akifa, akiachana na mwenzake, akigombana na ndugu, mkataba wako unaingia kwenye ugomvi usio wako. Kinga yake ni kwenda rejista ya ardhi kufanya upekuzi wa hati kabla ya kutoa hata senti, na baada ya kusaini kuweka zuio au kuandikisha haki yako ili asiweze kuiuza wala kuikopea tena kimyakimya. Mwenye nyumba akikataa haki yako iandikishwe, mi naona hapo mazungumzo yameisha. Kupanga kawaida ukimpata mwenye nyumba mwenye madeni utahangaika kuhama, basi.

Rekodi. Watu wanaingia mpangaji mnunuzi wakiamini miaka 3 ya kulipa vizuri itawajengea jina benki. Kodi ya nyumba sehemu nyingi haipelekwi kwenye taasisi zinazotunza taarifa za mikopo, kwa hiyo unaweza ukalipa miezi 36 bila doa na benki bado haikujui vilevile. Kinachojenga ni mkopo mdogo unaorejesha kwa wakati, akaunti inayoonyesha hela ikiingia na kutoka, na kama umejiajiri, vitabu vya biashara na kodi ya mapato iliyolipwa. Hivi unaweza kuvifanya ukiwa kwenye njia yoyote, lakini mpangaji mnunuzi anakimbizana na saa, wa nne hakimbizani na mtu.

Na ile ziada yenyewe. Benki nyingi zinakubali kuhesabu kama kianzio kile tu ulicholipa zaidi ya kodi ya soko, na kwa ushahidi. Kama unalipa 350,000 na nyumba za jirani zinazofanana zinapangishwa 350,000, hata mkataba useme 100,000 ni ya kianzio, benki inaweza kusema hapa hamna kianzio. Kwa hiyo lipa kupitia benki kila mwezi, tunza risiti, na siku ya kwanza omba barua ya mthamini inayosema kodi ya soko ni kiasi gani. Ukilipa mkononi umejimaliza.

Nani achukue ipi

Mpangaji mnunuzi wa hiari naona anamfaa mtu ambaye kizuizi chake kina tarehe ya mwisho inayoonekana. Kwa mfano umejiajiri na benki inataka miaka 2 ya hesabu, wewe una mwaka na nusu. Au kuna deni la zamani linafutika kwenye rekodi baada ya miezi kadhaa. Au umehamia nchi mpya, kipato kipo, rekodi haipo. Ukaenda benki mapema, *kabla* ya kusaini, afisa mikopo akakwambia ukileta hiki na hiki baada ya muda huu tunakupa kiasi hiki. Hapo unalipia muda, na muda unatosha, na bei imefungwa karibu na thamani ya leo, na bei za nyumba mahali hapo zinapanda. Kama yote hayo yapo, ingia, utakuwa umefanya jambo la akili.

Kama kizuizi chako ni kipato kidogo, yaani hela inayobaki mwisho wa mwezi haitoshi rejesho la mkopo, hakuna miaka 3 itakayokitatua kwa kukutoza kodi kubwa zaidi. Nasema hili kwa uchungu maana huyo ndo nilikuwa mimi. Kodi ya ziada ilikuwa inakula kile nilichopaswa kuweka kwa ajili ya siku mbaya, kwa hiyo siku mbaya ilipokuja ilinikuta mtupu.

Kununua kwa awamu mi ningeifikiria tu kama muuzaji ni mtu au taasisi inayokubali hati iwekwe kwa wakili au mtu wa kati wa kuaminika, mkataba uandikishwe, na kiwepo kifungu kinachosema ukishalipa kiasi fulani huwezi kutolewa bila kurudishiwa sehemu. Mipango ya mashirika ya nyumba ya serikali mara nyingi ina masharti ya wazi zaidi kuliko mtu binafsi, ila hata hapo soma kifungu cha kuvunja mkataba kwanza, mambo ya idadi ya vyumba utasoma baadaye.

Na kabla ya kuamua kwamba kianzio ndo kikwazo, kaulize kwanza. Watu wengi wameshikilia kichwani kwamba benki inataka asilimia 20, wakati mikopo yenye kianzio kidogo ipo sehemu nyingi. Marekani kwa mfano mikopo iliyokatiwa bima na FHA inakubali kianzio cha asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (namba inayopima unavyorejesha madeni) 580 kwenda juu, na asilimia 10 kwa mwenye 500 mpaka 579. Angalia sasa, mtu anayetoa ada ya asilimia 3 na kusubiri miaka 3 anaweza kukuta alihitaji nusu asilimia tu zaidi na kurekebisha rekodi yake kidogo. Kila nchi ina yake, vyama vya akiba na mikopo navyo wakati mwingine vina masharti laini kuliko benki, kuuliza ni bure.

Dada alirudi kwa mwenye nyumba na karatasi ya mambo manne: tarehe ya kodi isogezwe mpaka 10, bei ishuke mpaka ya mthamini, paa litengenezwe kwanza, na haki yake iandikishwe kwenye hati. Tarehe akakubali palepale. Paa akasema atalifanya. Bei akashuka mpaka 52,000,000, ambayo kwa kweli sio mbaya. La nne akasema halina haja, tunaaminiana. Kesho yake dada akaenda rejista kufanya upekuzi, akakuta nyumba ina mkopo wa benki ambao hakuwahi kuambiwa, akampigia simu akamuuliza kwa heshima tu, akajibiwa huo mkopo mdogo usikutishe.

Hakusaini. Yuko kwenye chumba chake kilekile cha kodi ya zamani, na kila tarehe 10, wateja wakishalipa, anahamisha ile tofauti kati ya kodi yake na ile ambayo angelipa kule kwenda akaunti ambayo hana kadi yake. Kachukua na mkopo mdogo wa cherehani ya pili, marejesho ya miezi 12, ameshalipa manne. Afisa mikopo kamwambia arudi na hesabu za biashara za miaka miwili, na daftari lenyewe kalinunua siku hiyohiyo, gumu, la mistari myekundu, ukurasa wa kwanza kaandika tarehe na magauni matatu ya harusi.